anwani (katika mtandao wa kompyuta)

anwani nm [i-/zi-], pia anuani. Asili: Kiarabu.

Maana
1. Maelezo ya mahali mtu au taasisi inapopatikana au inapopokelea barua: *Anwani ya shule ni S.L.P., Kigoma.*
2. Jina la kitabu au makala, kichwa.
3. (tarakilishi) Namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao ili data zipate kukifikia: *Anwani ya printa ni 10.0.0.15.*

Maelezo ya matumizi
Maana ya tatu imezaliwa na ya kwanza, lakini zinatofautiana katika jambo moja kubwa. Anwani ya barua huweza kumtaja mtu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimfikishia David Livingstone, huko Ujiji, mfuko wa barua ulioandikwa jina lake na jina la mji huo. Anwani ya IP haitaji mtu. Hutaja kifaa, au kwa usahihi zaidi, kiungo cha kifaa hicho na mtandao. Kwa hiyo hufanana zaidi na sanduku la posta linalotumiwa na ofisi nzima: barua hufika sandukuni, kisha karani huzigawa mezani.

Usemi *kumpangia mtumiaji anwani* ni wa mkato. Hufaa pale ambapo kila mtumishi ana kompyuta yake, na anwani imetengwa kwa kufuata anwani ya maunzi ya kompyuta hiyo. Haufai katika ofisi ambamo makarani wawili hupokezana kompyuta moja kwa zamu, kama inavyoweza kuwa katika ofisi ya bandari au ya forodha. Huko, anayemtambulisha mtumiaji ni jina la kuingilia, si anwani.

Mfasiri asipolizingatia hilo, anaweza kumtia mtu hatiani. Taarifa ikisema kwamba faili lilifutwa kutoka anwani fulani, isifasiriwe *mwenye anwani hiyo alifuta faili*. Iandikwe: *Faili lilifutwa kutoka kompyuta iliyokuwa na anwani hiyo wakati huo.* Maneno *wakati huo* yana uzito, kwa kuwa anwani nyingi hukodishwa kwa muda na seva kupitia itifaki ya DHCP. Iliyotumiwa na kifaa kimoja leo huweza kupewa kingine kesho.

Vitenzi vinavyoambatana
*-pangia*: kuamua anwani ipi itumiwe na kifaa kipi. *-tengea*: kuiweka akiba isipewe kifaa kingine. *-gawia*: kutoa anwani kwa vifaa vingi, kila kimoja yake. Kitenzi *-hutubia* hakitumiki hapa. Mtu huhutubia hadhira, hahutubii kompyuta.

Mifano
*Seva imezigawia kompyuta zote za ghorofa ya chini anwani za muda.*
*Printa imetengewa anwani ya kudumu ili makarani waipate kila siku mahali palepale.*
*Vifaa viwili vimepewa anwani moja. Pametokea mgongano wa anwani.*

Upatanisho
Sahihi: *anwani imebadilika, anwani zimekwisha.* Si sahihi: *anwani umebadilika, maanwani.*

Linganisha: makazi, sanduku la posta, jina la kuingilia, kikoa.