Kwa Nini Songea Haikutoa Dereva wa Safari

Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo dereva wa lori wa Songea, kusini mwa Tanganyika, angezitambua mara moja: tope la masika, makorongo, springi zinazokatika mbali na gereji. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuutoa kazini na kuupeleka mashindanoni. Anayebisha atamtaja Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la kawaida kabisa. Ni kweli, na ushindi ule unastahili heshima yake yote. Lakini Shankland alifanya kazi katika kampuni iliyouza Peugeot, vipuri na karakana vikiwa jirani. Dereva aliyebeba tumbaku ya Ungoni, eneo la Songea, aliendesha mali ya tajiri au ya ushirika, na kuivunja kwa mchezo kulimaanisha kupoteza riziki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa, na bei ya mafuta kupanda 1973, gari binafsi likawa adimu zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 Safari yenyewe ikabaki Kenya tu. Lami kutoka Makambako ilipofika Songea miaka ya 1980, ilirahisisha safari za mabasi na malori, lakini haikumpa dereva gari lake mwenyewe la kushindania.