Idhini ya Awali ya Safari: Si Viza, Si Kibali

Mkazi wa Babati anayekwenda Nairobi hupanda basi la Arusha, akavuka mpaka Namanga, na Kenya haimdai viza. Kwa hiyo badiliko la Januari 2024 halikumgusa sana. Mwezi huo Kenya ilifuta viza kwa wageni wa nchi zote, ikaweka mahali pake sharti jipya: mgeni aombe ruhusa kwa mtandao kabla ya kuondoka kwao, na alipe dola 30. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuingizwa katika sharti hilo. Lakini waongoza watalii wa hapa, wanaopokea wageni waliopitia Nairobi kabla ya kuja kutazama viboko wa Ziwa Babati, hulazimika kulieleza, na wengi wao husema tu “viza ya mtandaoni”.

Jina hilo linapotosha. Viza yenyewe siku hizi huombwa mtandaoni, hata ya Tanzania. Kwa sababu hiyo hiyo siridhiki na tafsiri ya jina la Kiingereza, “electronic travel authorisation”, inayoegemea neno “kielektroniki”: inataja chombo kinachotumika, haitaji jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Nchi imeshasema raia wa taifa fulani hawahitaji viza, ila inataka kuwajua kabla hawajapanda ndege. Msafiri hujaza jina, namba ya pasipoti na madhumuni ya safari. Mfumo hulinganisha taarifa zake na orodha za usalama. Jibu huunganishwa na pasipoti. Shirika la ndege hulitafuta jibu hilo kwenye kaunta, na lisipokuwepo, abiria habebwi. Akishafika, afisa uhamiaji bado ana mamlaka ya kumkatalia. Kilichoidhinishwa ni safari. Kuingia nchini kunaamuliwa mpakani.

Hapo ndipo “kibali” kinaposhindwa. Kwetu kibali cha ukaazi au cha kazi humpa mwenye nacho haki ya kukaa, kwa muda uliotajwa. Anayeambiwa ana “kibali cha kuingia” atashangaa, tena kwa haki, akirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Mimi napendekeza “idhini ya awali ya safari”. Idhini ni kukubaliwa na mwenye mamlaka; “awali” inaonyesha kwamba uamuzi mwingine unafuata; na “safari” inaweka mpaka wa kile kilichokubaliwa.

Raia wa Meksiko wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko sisi. Uingereza haiwadai viza kwa ziara fupi, lakini tangu Januari 2025 inawadai idhini ya awali. Kanada iliwaondolea viza Desemba 2016 ikawaachia idhini. Kisha tarehe 29 Februari 2024 ikairudisha viza kwa walio wengi, na idhini nyingi zilizokwisha kutolewa zikafutwa. Umoja wa Ulaya nao umeandaa mfumo wake, ETIAS, kwa wote wasiohitaji viza. Mtanzania anayekwenda nchi hizo huomba viza kamili, hivyo mifumo hii haimhusu. Shelisheli inamhusu: haimdai viza, ila lazima aombe idhini kabla ya kusafiri, kama wageni wengine.

Lipo na suala la haki, ambalo jina sahihi husaidia kulifichua. Kenya ilipotangaza mwisho wa viza, raia wa baadhi ya nchi za Afrika, Malawi mojawapo, walikuwa tayari wanaingia bure. Wao “kuondolewa viza” kuliwaletea fomu na ada ambazo hawakuwa nazo. Malalamiko yakafuata, na Kenya ikalegeza masharti kwa nchi kadhaa.

Kwa wahudumu wa steshenari za mjini wanaowajazia watu fomu, nasisitiza mambo mawili. Tumieni tovuti ya serikali husika, kwani zipo za kuiga zinazotoza zaidi. Na kwa kuwa idhini hufungwa kwenye namba ya pasipoti, mteja aliyebadilisha pasipoti aombe upya, hata kama muda wa idhini ya zamani haujaisha.