Kustaafu kwa "Ulemavu": Neno Moja, Ofisi Tatu

Mpeleka barua wa posta huko Marekani, mzaliwa wa Tanga, anampigia simu dada yake nyumbani. Anamwambia ameomba kustaafu kabla ya wakati, na kwamba fomu alizojaza ni za ulemavu. Kimya. Kisha: "Ulemavu? Mdogo wangu, umepata ajali ukatuficha?" Mdogo mtu anacheka, anaanza kueleza kwamba ana lupasi, kwamba kinga yake ya mwili ina matatizo, na hapo sauti ya dada inashuka. "Kinga? Kinga ile?"

Simu hiyo ni ya mfano tu, lakini maneno mawili yaliyoikwamisha yanamsubiri kila mfasiri anayegusa sheria za kazi za Marekani.

Tuanze na la kwanza. Kulemaa ni kuharibika kiungo, na humo ndimo yalimotoka maneno kilema, mlemavu na ulemavu. Maana imepanuka sana, siku hizi inawachukua wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, ila jicho la msikilizaji bado hutafuta gongo, fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Mifuko ya hifadhi ya jamii Tanzania nayo hulipa "mafao ya ulemavu", kwa hiyo mfasiri anapokutana na istilahi ya Kimarekani neno analo tayari, analiandika, anasonga mbele. Huwezi kumlaumu. Shida ni kwamba sheria iliyo mbele yake haiulizi kiungo gani kimelemaa.

Sheria yenyewe ni ya mfumo wa kustaafu wa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, unaojulikana kwa kifupi FERS, ulioanza kazi mwaka 1987 na ambao wafanyakazi wa posta pia wamo. Inamtazama mtumishi ambaye, kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, hawezi tena kutoa utumishi wenye manufaa na ufanisi katika nafasi yake. Katika nafasi yake: maneno hayo matatu ndiyo yanayobeba mzigo wote. Awe ametumikia angalau miezi 18, hali yake itarajiwe kudumu mwaka mmoja au zaidi, na mwajiri awe ameshindwa kumrekebishia kazi ili aimudu, wala hana nafasi nyingine iliyo wazi, ya daraja na mshahara uleule, katika eneo hilohilo. Maombi hupelekwa kwa ofisi kuu ya utumishi, OPM, kabla haujapita mwaka mmoja tangu aache kazi.

Sasa mtu huyohuyo avuke barabara aende Hifadhi ya Jamii ya Marekani. Neno la Kiingereza mlangoni ni lilelile, swali limebadilika: je, unaweza kufanya kazi yoyote ya maana ya kukuingizia kipato, popote nchini? Kama alikuwa mwanajeshi zamani, ataingia pia idara ya maveterani, ambako neno hilohilo hupimwa kwa asilimia, kutoka 0 hadi 100, kumi kumi. Ofisi ya kwanza inaweza kumkubali, ya pili ikamkataa, ya tatu ikampa asilimia 40, na zote tatu zikawa sahihi. Mfasiri aliyeandika "ulemavu" mara tatu amemwachia msomaji hisia kwamba kuna mtu hapo anadanganya.

Neno la pili, kinga, lina historia nzito zaidi. Mswahili alilizoea kupitia UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa miaka mingi kinga ikitajwa hospitalini mtu alijua kinachofuata. Lupasi ni kinyume chake. Kinga ipo, tena ina bidii, ila imekosea adui: ni mlinzi wa usiku aliyemgeuzia mwenye nyumba rungu. Hushambulia viungo, ngozi, figo, hata utando wa moyo. Na ili mambo yachanganyike vizuri, daktari humpa mgonjwa dawa za kuipunguza kinga hiyo makusudi, prednisoloni ikiwa mojawapo, hivyo hushikwa na maambukizi kwa urahisi. Waandishi wengi wa afya husema "magonjwa ya kingamwili". Ni fupi na inapendeza, lakini haisemi kinga imefanya nini, na kingamwili yenyewe hutumika pia kwa zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. "Maradhi ya kinga kujishambulia" ni refu kidogo. Angalau dada wa Tanga angeelewa kwenye simu.

Jamaa mmoja wa kundi hili tayari tuna jina lake la zamani: baridi yabisi. Yabisi ni kavu, kitu kilichokauka kikakakamaa, na jina lote linailaumu baridi, kama wazee wanavyomlaumu anayelala kwenye saruji bila mkeka. Sayansi imehamisha lawama kwenye kinga, walau kwa aina ile inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili. Ukavu na ukakamavu wa jina, lakini, ni sahihi kabisa. Muulize mgonjwa saa kumi na mbili asubuhi, anapojaribu kuzungusha ufunguo.

Ufunguo huo ndio kesi yenyewe. Katika fomu za OPM mwombaji hueleza hali yake, msimamizi hueleza utendaji na mahudhurio, daktari hutoa ushahidi, na mwajiri huthibitisha alivyojaribu kumrekebishia kazi. Barua ya daktari inayosema tu "ana lupasi" haimfikishi mbali, kwa kuwa watu wengi wenye lupasi wanafanya kazi zao hadi uzeeni. Inayomfikisha ni ile inayounganisha ugonjwa na kazi: mionzi ya jua huuamsha ugonjwa, na mpeleka barua hushinda juani, vidole vimevimba asubuhi, na asubuhi ndipo barua zinapopangwa, uchovu wake hauondoki kwa kulala. Halafu kuna zile siku nzuri. Maradhi haya huamka na kulala, na mtu aliyeonekana Jumamosi harusini akicheka anaweza asiinuke kitandani Jumanne. Msimamizi anayajua ya Jumamosi. Ndiyo maana daftari dogo la siku baada ya siku, lenye tarehe, saa alizokosa kazi na kitu alichoshindwa kukifanya, humsaidia daktari kuandika barua yenye uzito.

Makaratasi hayo huishia mahali pa ajabu. Kwa miongo mingi majalada ya wastaafu wa serikali kuu yameshughulikiwa Boyers, Pennsylvania, ndani ya mgodi wa zamani wa chokaa, takriban mita 70 chini ya ardhi. Kwa masikio ya Kiswahili, faili lako likizikwa umeshakata tamaa. Huko ndiko linakofanyiwa kazi.

Kuna waliokwama katikati ya mwajiri na OPM. Wayne Lindahl alikuwa mlinzi katika karakana ya meli za kivita ya Mare Island, California, akisumbuliwa na mkamba sugu. Mwajiri alimstaafisha kwa kuwa ugonjwa haumruhusu kufanya kazi. OPM ikamnyima mafao ikisema ushahidi hautoshi. Mgonjwa mno kwa kazi, mzima mno kwa pensheni. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1985 iliamua kwamba mahakama ya rufani inaweza kukagua kama OPM ilifuata sheria na taratibu, ingawa haitayapima upya maswali ya kitabibu. Mwaka 1993, katika kesi ya Bruner, mahakama ya rufani ilisogea mbele: mtumishi akiondolewa kazini kwa kutoimudu kiafya, kuondolewa kwenyewe ni ushahidi wa awali upande wake, na ni juu ya OPM kuleta ushahidi wa kuupinga.

Fedha je? Mwaka wa kwanza hulipwa asilimia 60 ya wastani wa mishahara ya miaka mitatu mfululizo iliyokuwa mikubwa zaidi, ikatwe yote anayopata kutoka Hifadhi ya Jamii. Baada ya hapo ni asilimia 40, ikatwe asilimia 60 ya malipo hayo. Mwenye wastani wa dola 60,000 anayelipwa na Hifadhi ya Jamii dola 18,000 kwa mwaka atapata 36,000 jumla mwaka wa kwanza, na 31,200 mwaka wa pili, nyongeza za gharama ya maisha zikiwekwa kando. Ni lazima aombe Hifadhi ya Jamii, hata kama anajua atakataliwa.

Kisha kuna kifungu kinachovunja kabisa picha ya gongo. Mstaafu huyu anaruhusiwa kufanya kazi nyingine katika sekta binafsi. Kabla ya miaka 60, mafao husimama iwapo kipato chake cha mwaka kitafikia asilimia 80 ya mshahara wa sasa wa nafasi aliyoiacha. Mpeleka barua wetu anaweza kukalimani hospitalini, ndani, kivulini, akiwa amestaafu kwa kile tulichokiita ulemavu.

Kwa hiyo tuandike nini? "Kutojiweza" hapana, asiyejiweza ni wa kupelekewa futari. "Kustaafu kwa maradhi" ni tamu mdomoni lakini inaacha majeraha nje. Chaguo la makala hii ni "kustaafu kwa kutoimudu kazi kiafya", na kwa kifupi "mafao ya kutomudu kazi", kwa sababu kazi imetajwa, na kazi ndiyo inayoulizwa. Hata lugha inaafiki: staafu na afya zote zimetoka katika shina moja la Kiarabu, la kusamehewa na kusalimika. Ulemavu ubaki pale unapopimwa mwili wenyewe, kama kwa maveterani na asilimia zao.

Mpeleka barua wetu akitimiza miaka 62, OPM hufanya hesabu upya. Miaka yote aliyokuwa akipokea mafao huongezwa kwenye utumishi wake, kana kwamba asubuhi zote hizo alikuwa posta akipanga barua, na pensheni yake hukokotolewa kwa kanuni ya mstaafu wa kawaida.