Swema na Deni la Mtama

Hapa Mwanza, tukishona magauni ya harusi, tunasikia mengi kuhusu madeni ya sherehe. Hutukumbusha Swema, binti wa Kiyao wa miaka ya 1860.

Mama yake mjane alikopa mtama, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua Swema, akauzwa kwa msafara wa watumwa. Mama akaomba afuatane naye, akafia njiani. Unguja, Swema alizikwa akiwa hai, akaokolewa. Wamisionari waliiandika simulizi yake, ikachapishwa Ufaransa mwaka 1870.

Qur'ani imesifu kumwacha huru mtumwa, na imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Dada, tusimdhalilishe mwenye deni. Na simulizi za bibi zetu tuziandike wenyewe.