Kutoka Ufundi hadi Uwanja: Vilabu vya Ndege Ndogo za Redio nchini Marekani, 1936–2024

Ni rahisi kudhani kwamba droni ndizo zilizodhoofisha vilabu vya kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio nchini Marekani. Makala haya yanaonesha kuwa chanzo ni cha zamani zaidi: vilabu vilianza kupoteza nguvu pale mrushaji alipoacha kuwahitaji wenzake.

Chama cha kitaifa, Academy of Model Aeronautics, kilianzishwa mwaka 1936. Mwaka uliofuata ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha Guff, mojawapo ya ndege ndogo za kwanza kuongozwa kwa redio. Baadaye, masafa ya megahezi 72 yalipoenea, usalama ulitegemea nidhamu ya pamoja. Warushaji wawili wakitumia chaneli moja kwa wakati mmoja, ndege iliyoko angani ingeweza kuanguka. Kwa sababu hiyo viwanja viliweka ubao wa vibanio, na asiyeshika kibanio cha chaneli yake hakuruhusiwa kuwasha redio.

Serikali iliuamini utaratibu huo. Waraka wa mwaka 1981 uliwashauri warushaji, kwa hiari yao, wasipite futi 400 kutoka ardhini. Mwaka 2012 Bunge liliizuia mamlaka ya usafiri wa anga kutunga kanuni mpya juu ya ndege ndogo za burudani zilizorushwa kwa kufuata miongozo ya jumuiya ya kitaifa.

Hata hivyo, msingi wa imani hiyo ulikuwa umekwisha kutikisika. Redio za gigahezi 2.4, zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ziliondoa haja ya ubao. Kisha droni zenye kujituliza angani kwa msaada wa setilaiti zikaondoa haja ya mwalimu. Serikali ikajikuta mbele ya warushaji wasiojulikana na klabu yoyote. Desemba 2015 iliagiza usajili wa wamiliki wa vyombo vyenye uzito unaozidi gramu 250. Mahakama ya rufani ilibatilisha agizo hilo kwa warushaji wa burudani Mei 2017, lakini sheria ikalirejesha Desemba. Mwaka 2018 kinga ya mwaka 2012 ilifutwa.

Tangu Machi 2024, sharti la chombo kilichosajiliwa kutangaza utambulisho wake angani linasimamiwa kikamilifu. Asiye na kifaa hicho hurusha katika maeneo yaliyoidhinishwa, mengi yakiwa viwanja vya vilabu. Hivyo klabu imepata umuhimu mpya, lakini umefungwa kwenye ardhi: inayopoteza uwanja hupoteza pia nafuu hiyo.

Kwa watunga sera wa kanda hii, ambamo droni zilianza kusafirisha damu nchini Rwanda mwaka 2016, funzo liko wazi. Kanuni inayotazama chombo peke yake humweka mwanachama aliyefunzwa na wenzake katika kundi moja na mtu asiyewahi kufunzwa na yeyote.