Nta ya masikio na historia ya spika tunazozichomeka humo

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi hawapendi kulizungumza mbele za watu: nta ya masikio. Sababu ni hizi spika ndogo zisizo na waya ambazo siku hizi utaziona kwa kondakta wa daladala na utaziona kwa mhadhiri wa chuo kikuu. Mtaani zote huitwa AirPods, hata zile zinazouzwa kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu spika hizi ni moja tu: upande mmoja umekufa. Mwenye nazo anakwenda kununua nyingine, au anatafuta pini aanze kuchokoa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna nta imekaa mlangoni, basi.

Nimelifuatilia jambo hili nikakuta lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Na nadhani mtu akiijua historia hiyo atajua namna ya kuzisafisha bila hata kusoma ile karatasi ya maelekezo, ambayo wote tunajua hakuna anayeisoma.

Tuanzie Paris mwaka 1816. Daktari René Laennec wa hospitali ya Necker alikuwa na mgonjwa mwanamke, akaona si vizuri kumlalia kifuani ili asikilize moyo wake, kama madaktari walivyokuwa wakifanya enzi hizo. Akaviringisha karatasi ikawa bomba, akaweka sikio upande mmoja. Hiyo ndiyo stethoskopu ya kwanza. Baadaye akatengeneza ya mti, nayo ilikuwa ya sikio moja. Ile ya masikio mawili ilianza kuenea baada ya George Cammann wa New York kutengeneza ya kwake mwaka 1852. Hapo ndipo tunapopata watu wanaofanya kazi kutwa huku wamechomeka vitu masikioni.

Lakini kisa kinachonifurahisha zaidi kinatoka San Francisco. Tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass na mwenzake William Arnold waliweka fonografu ya Edison kwenye baa moja iliyoitwa Palais Royale. Ukitumbukiza senti tano, unasikia wimbo. Spika kubwa ya kujaza baa nzima haikuwepo, kwa hiyo mashine ilikuwa na mabomba manne ya kusikilizia, na kila msikilizaji alilipia bomba lake. Katika miezi sita ya mwanzo mashine ile iliingiza zaidi ya dola 1,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Sasa sikiliza hili: pembeni ya mashine waliweka taulo, ili kila mteja afute ncha ya bomba baada ya kusikiliza. Taulo hilohilo, kwa wateja wa baa! Usafi wenyewe unatia shaka, lakini angalau walijua kwamba kinachotoka kwenye sikio la mtu hakipaswi kwenda kwenye sikio la mwingine. Leo nawaona vijana kituoni wamegawana, moja sikioni kwa huyu na moja kwa yule, kisha wanabadilishana. Hata taulo hakuna.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, mhandisi Mfaransa Ernest Mercadier alipata hatimiliki ya Marekani kwa kifaa chake cha kusikilizia simu. Kilikuwa cha kuingia masikioni kabisa, kina vifuniko vya mpira mbele ili kisiumize tundu la sikio na kizuie kelele za nje. Uzito wake ulikuwa kama gramu 50. Ukiangalia mchoro wake utadhani umechorwa juzi. Ila wazo lake halikushika njia. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah alitengeneza hedifoni jikoni kwake, akazipeleka kwa jeshi la majini la Marekani, na tangu hapo kwa miaka mingi usikilizaji ulikuwa wa kufunika sikio kwa nje. Hedifoni za namna hiyo hutoka jasho, huchanika ngozi, lakini nta haziijui sana. Nta inabaki ndani kwa mwenyewe.

Wakati spika zimekaa nje, kitu kingine kiliingia ndani. Mwaka 1923 Leo Gerstenzang, mhamiaji kutoka Poland aliyekuwa anaishi Marekani, alimwona mke wake amezungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto. Akaona biashara. Ndiyo vile vijiti vya pamba tunavyonunua dukani, Q-tips. Miaka mingi baadaye paketi zikaanza kuandikwa onyo kwamba kijiti kisiingizwe ndani ya tundu la sikio, na watu duniani kote wanaendelea kukiingiza hapohapo. Sisi huku tulikuwa tayari na vyetu: unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu. Bibi zetu na unyoya wao walikuwa na afadhali kidogo, maana unyoya hauna nguvu ya kusukuma kitu.

Na hapo kwenye kusukuma ndipo penye habari yenyewe. Nta haitengenezwi ndani kabisa ya sikio. Inatoka kwenye tezi zilizoko sehemu ya nje ya mfereji, karibu na mlango. Ngozi ya mfereji nayo husogea polepole kuelekea nje, na taya linapotafuna linasaidia kazi hiyo. Yaani sikio linajifagia lenyewe. Ukiingiza kijiti unatoa kidogo kinachoonekana kwenye pamba, ukafurahi, huku sehemu kubwa umeirudisha ndani ambako haina njia ya kutoka. Spika inayoziba tundu saa nyingi nayo inafanya kazi ya kizibo: nta iliyokuwa njiani inakuta mlango umefungwa.

Tuendelee na historia. Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman nchini Japani. Wenye umri wanakumbuka hedifoni zake zenye sponji ya rangi ya chungwa. Ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka hedifoni, kwa sababu Akio Morita, bosi wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya mwenzake. Kwa hiyo waliotaka kushiriki wimbo walishiriki kaseti, kila mtu na hedifoni yake. Jambo zuri hilo limetupotea. Mwaka 1982 kampuni hiyohiyo ikaleta spika ndogo za kukaa mlangoni mwa sikio, na mwaka 1991 kampuni ya Marekani ya Etymotic ikatoa ER-4, ambazo zilizama ndani ya mfereji kabisa. Mercadier alikuwa amerudi baada ya miaka mia.

Hawa Etymotic hawakuwa watu wa muziki tu. Walitokea kwenye fani ya vipimo vya usikivu, na nta waliijua. Ndiyo maana ER-4 zilikuja na vichujio vidogo vya akiba na kifaa cha kuving'olea: kikiziba unang'oa, unaweka kipya, unaendelea. Watumiaji wa vifaa vya kusaidia kusikia nao wamezoea siku nyingi kubadilisha kichujio cha nta na kupiga brashi kila jioni. Ujuzi ulikuwepo. Lakini kampuni za simu zilipoingia sikioni, AirPods zilipozinduliwa Septemba 2016 na kuanza kuuzwa Desemba, zikiwa na gramu 4 tu kila moja, ujuzi huo uliachwa nje. Wavu wa mbele umegandishwa, mtumiaji hawezi kuubadilisha. Mimi naona huo ni uamuzi wa kibiashara kuliko wa kiufundi, na karibu wote waliofuata wameiga.

Kuna jambo moja linatuhusu sisi zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aina ya nta ya mtu inaamuliwa na jini moja, ABCC11. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana nta kavu, ya kupukutika kama pumba. Waafrika karibu wote tuna nta mbichi, ile ya kunata. Nta kavu ukiigonga inaanguka. Yetu inashika wavu, inakamata vumbi la barabarani, inakauka na joto inakuwa kama gundi.

Basi tusafishe. Kanuni ni ileile ya sikio: usisukume ndani. Kama spika ina vifuniko vya mpira, vivue uvioshe kwa maji matupu, uvifute na uviache vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Spika yenyewe ishike wavu ukiangalia chini, upige brashi laini iliyo kavu, mswaki mpya wa mtoto unafaa sana, ili kinachobanduka kidondoke. Watu wengi huiweka wavu ukiangalia juu, halafu wanashangaa sauti imezidi kufifia. Pini, sindano na njiti ya meno weka mbali. Nyuma ya wavu kuna utando mwembamba sana unaotoa sauti, na ukiutoboa hapo ndipo upande mmoja unakufa kwelikweli.

Nje, kwenye plastiki, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa kidogo spiriti ya asilimia 70, ile wanayokufutia mkono kabla ya sindano. Kwenye wavu usiitie. Spiriti inaweza kuilainisha nta na kwenda nayo ndani, na kule haitakauka kama ilivyokuwa nje. Apple wenyewe, kwa baadhi ya matoleo ya karibuni, wanaruhusu wavu usuguliwe kwa mswaki wa mtoto uliochovywa kwenye maji ya kuondolea vipodozi usoni, kisha maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kuganda tena, na spika ikauke angalau saa mbili kabla ya kurudi kwenye kasha. Kwa hizi za bei ya chipsi nisingethubutu. Usisahau pia vitundu vya pembeni na kitundu cha maikrofoni. Kama unaowapigia wanalalamika kwamba unaongea kama uko kisimani, angalia hapo kabla hujailaumu kampuni ya simu.

Kasha ndilo linalosahaulika zaidi. Chini ya kila shimo kuna vijipini vya chuma vinavyopitisha umeme. Ukirudisha spika ikiwa na jasho, umeme ukapita kwenye ule unyevu wenye chumvi, chuma kinaanza kuliwa. Dalili zake ni spika moja kukataa kuchaji, au kuonyesha imejaa na kuzima baada ya dakika kumi. Futa spika kila unapotoka mazoezini, na mara moja kwa wiki pitisha kijiti cha pamba kikavu ndani ya mashimo (hapa ndipo vijiti vya Gerstenzang vinapopata kazi halali). Tundu la kuchajia pukuta kwa brashi kavu, usiingize chuma. Kasha nyingi zina sumaku ya kushika kifuniko, kwa hiyo kama wewe ni fundi wa kuchomelea au unafanya kazi gereji, lifunge kila wakati, maana litakusanya vumbi la chuma bila kuchagua.

Sikio linalotoa usaha au linalowasha lisiwekwe spika kabisa, na spika zilizotumika wakati huo zisafishwe kabla ya kurudi. Sikio likiwa limeziba kweli, nenda hospitali wakaangalie kwanza. Matone ya kulainisha nta yanauzwa duka la dawa, lakini hayafai kwa mtu mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka, na huwezi kujiangalia mwenyewe ndani ya sikio lako.

Ukishasafisha, jaribu hivi: weka wimbo uleule, sauti ileile, kisha hamisha spika ya kulia kwenye sikio la kushoto, kwa zile ambazo umbo linaruhusu. Kama udhaifu umehama pamoja na spika, tatizo ni spika. Kama umebaki kwenye sikio lilelile, usiende Kariakoo, nenda kwa daktari. Kuhusu betri zilizochoka na mahali pa kuzipeleka badala ya kuzitupa jalalani, nitaandika siku nyingine.