Kusakinisha Linux Katika Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zinazotumia mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuandika barua na kufungua tovuti kama kawaida. Kilichokoma ni kazi ya kuziba mianya ya usalama kadiri inavyogunduliwa, isipokuwa kwa watumiaji waliojiunga na mpango wa nyongeza unaofikia Oktoba 2026. Kompyuta isiyopata masasisho, ikitumika kufanyia malipo au kutunzia nyaraka za familia, humweka mwenye nayo katika hatari asiyoiona.

Si kila kompyuta inaweza kuhamia Windows 11. Mfumo huo unahitaji RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa upande wa Intel huanzia zaidi kwenye kizazi cha 8. Kwa sababu hiyo, kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima huonekana kuwa zimefikia mwisho wake. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kabla ya kuongeza kompyuta nyingine katika rundo hilo, ipo njia ya kuirudisha kazini: kuiwekea mfumo wa Linux.

Linux ni nini

Linux ni mfumo endeshi huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kikaunganishwa na programu za mradi wa GNU ulioasisiwa na Richard Stallman mwaka 1983. Jumuiya mbalimbali hukifungasha kiini hicho pamoja na programu za matumizi ya kila siku, na ndiyo maana zipo aina nyingi za Linux. Mojawapo ni Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ambayo jina lake linatokana na lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika na lina asili moja na neno la Kiswahili "utu".

Kupima uwezo wa kompyuta

Mambo matatu hutazamwa kwanza: kiasi cha RAM, nafasi ya diski, na iwapo prosesa ni ya biti 64 au biti 32. Taarifa hizo hupatikana katika mipangilio ya Windows, sehemu inayoeleza mfumo.

Kwa kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi, anayeanza anaweza kuchagua Linux Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi na mpangilio wake wa menyu haumpotezi aliyezoea Windows. Linux Mint 22, iliyotolewa mwaka 2024, itapata masasisho hadi mwaka 2029. Mfumo huo huhitaji angalau RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, ingawa GB 4 na GB 100 ndizo zinazopendekezwa. Kwa mashine dhaifu zaidi ipo antiX, iliyokusudiwa kompyuta kuukuu na ambayo imekuwa ikitolewa pia kwa prosesa za biti 32.

Ifahamike kuwa Linux hupunguza mzigo wa mfumo, lakini haipunguzi uzito wa tovuti. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 itaandika barua vizuri, bali kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja kitailemea. Mara nyingi, kubadili diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko badiliko jingine lolote.

Kuhifadhi nakala kabla ya jambo lolote

Usakinishaji wenyewe aghalabu hauchukui saa nzima. Madhara yasiyorekebishika hutokana na kuharakisha maandalizi, kwa kuwa diski ikishafutwa, picha za familia, vyeti vilivyochanganuliwa na hesabu za biashara hupotea navyo, na kuvirejesha ni kazi ngumu isiyo na uhakika.

Mafaili yote yanakiliwe katika diski ya nje au flashi nyingine, kisha machache yafunguliwe katika kompyuta tofauti ili kuthibitisha kuwa nakala ni nzima. Sehemu zinazosahaulika ni uso wa mezani wa kompyuta, folda ya vitu vilivyopakuliwa, nywila zilizotunzwa ndani ya kivinjari na barua pepe zilizohifadhiwa katika programu ya kompyuta. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa urejeshaji uandikwe pembeni kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Kuandaa flashi

Faili la Linux Mint lina ukubwa wa takribani GB 3, hivyo ni busara kulipakua penye intaneti isiyo ya gharama kubwa au kulinakili kutoka kwa mtu anayeaminika. Kwa vyovyote vile, uhalisi wake uhakikiwe. Mwezi Februari 2016 wavamizi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza watu kwenye faili lililopachikwa programu hasidi. Uhakiki hufanyika kwa kulinganisha alama ya SHA256 ya faili na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Katika Windows, alama hiyo hupatikana kwa amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Herufi au tarakimu moja ikitofautiana, faili lisitumike.

Kunakili faili hilo kwa njia ya kawaida hakutoshi. Huandikwa kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kazi hiyo hufuta kila kilichokuwamo katika flashi.

Kujaribu kabla ya kusakinisha

Kompyuta huwashwa upya flashi ikiwa imechomekwa, huku ukibonyezwa mfululizo ufunguo wa kuchagua chanzo cha kuwakia. Kwa kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12, na kwa HP ni Esc au F9. Linux hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo mtumiaji ajaribu intaneti isiyotumia waya, sauti, kamera, kibodi na printa. Mtandao ukikataa, simu iliyounganishwa kwa waya wa USB inaweza kutoa intaneti ya muda hadi programu ya kifaa husika ipatikane. Asiyeridhika huzima kompyuta, huchomoa flashi na kurudi Windows kama alivyoiacha.

Kusakinisha

Kompyuta mpakato ambayo betri yake imechoka isisakinishwe wakati umeme unakatika mara kwa mara, kwa kuwa kuzimika katikati ya kazi huacha diski isiyo na mfumo kamili. Hatua inayohitaji umakini mkubwa ni ya diski: chaguo moja hufuta diski yote, jingine huiweka Linux kando ya Windows. Penye diski zaidi ya moja, ukubwa wake utazamwe kabla ya kuthibitisha. Baada ya hapo hubaki kuchagua saa za eneo, jina na nywila. Mfumo ukishawaka, masasisho yote yawekwe, kisha programu ya Timeshift ipangwe kutunza hali ya mfumo. Hata hivyo, Timeshift si mbadala wa nakala za mafaili binafsi.

Mipaka yake

LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika kidogo. Programu za Adobe, baadhi ya michezo na programu za kiofisi zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee hazifanyi kazi kwa kawaida. Mwenye kutegemea programu ya namna hiyo kwa riziki yake ajiridhishe kwanza, au aiache Windows kando ya Linux, akikumbuka kuwa Windows hiyo bado haina ulinzi mpya.

Kwa familia ambayo mahitaji yake ni masomo ya watoto, barua, hesabu na intaneti, kompyuta iliyokwisha kuwekwa kabatini inaweza kutumika kwa miaka mingine kadhaa kwa gharama ya flashi moja na siku moja ya maandalizi makini. Asiye na uhakika aanze na kompyuta isiyo na kitu cha thamani ndani yake, ajifunze humo, ndipo aiguse ile yenye kumbukumbu za nyumba.